Mtihani wa Kiingereza Hupima Msomaji: Majibu kwa Madai Manane

Mhadhiri msaidizi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayetafuta nafasi ya uzamivu Uingereza, muuguzi wa Hospitali ya Benjamin Mkapa anayetaka kusajiliwa nje ya nchi, mchumi wa wizara pale Mtumba aliyepewa udhamini wenye masharti, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana anayeomba shahada ya pili Australia: wote wanadaiwa cheti cha Kiingereza cha ngazi ya juu. Kwa wengi cheti hicho ni IELTS, mtihani ulioanza mwaka 1989. Wengine hufanya TOEFL, au C1 Advanced ya Cambridge. Masharti yenyewe si mepesi. Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, kwa mfano, linataka alama ya 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kwenye karatasi ya kusoma ya IELTS, alama ya 7 ni sawa na majibu sahihi takriban 30 kati ya 40.

Ushauri wa kujiandaa upo tele. Unatolewa mabwenini, kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye madarasa ya tuisheni na kwenye daladala za kwenda mjini. Sehemu ya ushauri huo inawagharimu watu ada ya mtihani, nauli ya Dar es Salaam na mwaka mzima wa kusubiri dirisha jingine la udhamini. Nimeupanga katika madai manane, nami nitayajibu moja baada ya jingine. Msimamo wangu ni huu: karatasi ya kusoma hupima msomaji, na sarufi inayopimwa ni ile inayomwezesha msomaji kuelewa. Anayevitenganisha viwili hivi anajiandaa kwa mtihani ambao haupo.

Dai la kwanza: "Nimesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Sihitaji mazoezi."

Dai hili lina uchungu wa haki ndani yake. Mtanzania mwenye digrii amejibu mitihani kwa Kiingereza kwa miaka isiyopungua tisa, lakini orodha ya Uingereza ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi uthibitisho wa lugha haina hata nchi moja ya Afrika. Mtu ana sababu ya kuona hajatendewa sawa.

Hata hivyo, kutotendewa sawa hakumfanyi mtu kuwa tayari. Mwaka 1984 watafiti wawili, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wa sekondari. Waligundua kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa wamefika kiwango ambacho mtu angetarajia masomo kwa Kiingereza ndiyo yaanze. Miaka mingi imepita na walimu wamefanya kazi kubwa tangu hapo, lakini swali lao bado lina uhai: je, lugha iliyoandikwa kwenye sera ndiyo lugha ambayo mwanafunzi huisoma kweli?

Tazama tulivyosoma. Mwalimu alieleza somo kwa Kiswahili, akaandika notisi kwa Kiingereza ubaoni, tukazikariri. Chuoni tulipiga msuli kwa madesa: kurasa chache zenye hoja fupi zilizopangwa kwa namba, juu ya mada ambayo mhadhiri alikuwa amekwisha kuitafuna. Hicho ni Kiingereza, na kimewapa watu shahada halali. Lakini karatasi ya kusoma ya IELTS inaleta vifungu vitatu vyenye jumla ya maneno 2,150 hadi 2,750, vilivyotoka kwenye vitabu, majarida na magazeti, juu ya mada usizozichagua. Waandishi wake wanatilia shaka, wanakubali nusu, wanageuza msimamo katikati ya aya. C1 Advanced inatoa maswali 56 katika sehemu nane, kwa dakika 90. Kumfuata mwandishi mgeni katika hoja ndefu ni ujuzi ambao shule zetu hazikutupa nafasi ya kutosha kuufanyia mazoezi. Kuufanyia mazoezi sasa hakumwondolei mtu heshima ya digrii yake.

Dai la pili: "Maliza sarufi kwanza. Kusoma kutakuja kwenyewe."

Wanaofuata ushauri huu hununua kitabu cha sarufi cha Raymond Murphy, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985, wakajaza mazoezi yake yote kwa penseli, wakafuta, wakajaza tena. Ni kitabu kizuri, ila kimeandikwa kwa wanafunzi wa kiwango cha kati. Mtahiniwa wa ngazi ya juu anayekirudia mara ya tatu anajifunza tena anachokijua, huku asichokijua kikimsubiri ndani ya kifungu cha habari.

Cambridge wenyewe wanaonyesha uhusiano wa mambo haya mawili kwa jinsi wanavyohesabu alama. Katika C1 Advanced, sehemu ya kwanza ya karatasi humtaka mtahiniwa achague neno linalofaa kujaza nafasi iliyoachwa. Mtu angedhani hilo ni zoezi la msamiati na sarufi. Lakini alama zake huingizwa kwenye hesabu ya kusoma. Na hata sehemu tatu zinazoitwa za matumizi ya lugha, mbili kati yake ni vifungu kamili ambavyo huwezi kuvijaza bila kuelewa mwandishi anaelekea wapi.

Sarufi ya ngazi hii ni ipi basi? Tuchukue mfano wa Kondoa. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kupambana na makorongo yaliyokuwa yakila ardhi ya Kondoa Irangi. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika, na uoto ukaanza kurudi. Watafiti wengi, hasa wa Sweden, wameandika juu ya mabadiliko hayo. Fikiria sentensi kama hii, ambayo nimeitunga kwa mtindo wao: "The removal of livestock was followed by a marked recovery of the vegetation, although this may also have reflected better rainfall."

Anayejua nyakati zote za Kiingereza kwa majina anaweza kuisoma sentensi hii na kuondoka na maana potofu. Neno "followed" linasema tu kwamba jambo moja lilikuja baada ya jingine. Mwandishi hajasema kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Neno "this" linarudi kwenye kustawi kwa uoto, halirudi kwenye kuondolewa kwa mifugo. "May also have" inaacha mlango wazi kwa sababu nyingine. Na kitendo cha kuondoa mifugo kimegeuzwa nomino, hivyo aliyeiondoa ametoweka kabisa kwenye sentensi. Mambo hayo manne ni sarufi tupu, na kila moja linatosha kutungiwa swali. Yote hujifunzwa kwa kusoma sentensi kama hizi polepole, nyingi, kila wiki, huku ukijiuliza kila neno dogo linafanya kazi gani.

Kuna ushahidi wa siku nyingi kwamba kusoma hulea sarufi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vingi vya hadithi vya Kiingereza katika shule za msingi za vijijini huko Fiji. Watoto waliopata vitabu walipiga hatua katika kusoma kwa kasi kama mara mbili ya kawaida, na kufikia mwaka wa pili faida hiyo ilikuwa imeenea hadi kwenye stadi nyingine za lugha, kuandika na sarufi zikiwemo. Sisi wenyewe tulikaribia njia hiyo: baada ya ripoti ya Criper na Dodd, Uingereza ilifadhili mradi ulioanza mwaka 1987 wa kupeleka vitabu vya kusoma katika sekondari za Tanzania. Fikra ilikuwa sahihi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuifuata leo bila kusubiri mradi.

Dai la tatu: "Usisome kifungu. Soma swali, kamata neno kuu, litafute, jibu."

Hili ndilo dai linalouzwa sana, na nadhani ndilo linalowanyima watu alama nyingi zaidi. Watunzi wa mitihani wanalifahamu vizuri. Wanaweza kuliweka neno la swali katika sentensi isiyo na jibu, kisha jibu lenyewe wakaliandika kwa maneno mengine kabisa.

Tuende Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza huko mradi mkubwa wa kulima karanga kwa mashine. Mwaka 1951 waliuacha, baada ya kutumia takriban pauni milioni 36. Nimetunga sentensi moja ya mazoezi kutokana na kisa hicho: "Although the planners had been warned about the rainfall, it was the soil, baked hard in the dry season, that eventually defeated their machines."

Sasa tuweke kauli tatu ambazo mtahiniwa anatakiwa aseme kama ni kweli, si kweli, au hazikutajwa.

Ya kwanza: "Lack of rain was what finally stopped the machines." Mwindaji wa maneno anaona mvua, anaona mashine, anaandika kweli. Jibu ni si kweli. Kishazi kinachoanza na "although" kimeitaja mvua ili kuiweka pembeni, na muundo wa "it was … that" umeunyooshea kidole udongo peke yake.

Ya pili: "The planners ignored the advice of local farmers." Anayeijua historia, au anayehisi kwamba lazima mambo yalikuwa hivyo, ataandika kweli. Jibu ni haikutajwa. Wapangaji walionywa, lakini kauli ya kutendwa haikusema walionywa na nani, wala hatukuambiwa kama walipuuza. Mtihani unauliza mwandishi amesema nini. Tunayoyajua wenyewe kuhusu Kongwa yanabaki nje ya chumba cha mtihani.

Ya tatu: "In the end, the state of the ground proved too much for the equipment." Hakuna neno kubwa hata moja linalofanana na sentensi ya kifungu. Mwindaji wa maneno atapita juu yake na kuandika haikutajwa. Jibu ni kweli: udongo umeitwa ardhi, mashine zimeitwa vifaa, na kushindwa kumesemwa kwa namna nyingine.

Katika kauli zote tatu, kilichoamua jibu ni sarufi iliyosomwa kwa makini. Kusoma maswali mapema kuna faida yake, kwa kuwa kunakuonyesha unatafuta nini. Kuruka kwa macho kutafuta jina la mtu au mwaka pia ni ujuzi halali. Lakini ukishafika mahali penyewe, soma sentensi nzima, soma ya kabla yake na ya baada yake, ndipo uamue.

Dai la nne: "Fanya mitihani iliyopita mingi kadiri uwezavyo."

Kujipima kuna nguvu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikihifadhi vizuri zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kukisoma tu. Kwa hiyo simkatazi mtu kufanya majaribio. Ninachokataa ni kufanya jaribio, kuhesabu 24 kati ya 40, kusikitika, kisha kufungua jingine.

Jaribio hujenga pale unaporudi kwenye kila kosa na kulitafutia chanzo. Chukua daftari, ligawe katika mafungu manne. La kwanza ni makosa ya msamiati: hukujua neno, au ulijua maana yake moja tu. La pili ni makosa ya sentensi: ulishindwa kuona nani kafanya nini, au kiwakilishi kinarudi kwa nani. La tatu ni makosa ya hoja: ulielewa sentensi lakini hukuona kwamba mwandishi anaeleza maoni ya wengine ili ayapinge. La nne ni makosa ya muda. Jaribio la saa moja linastahili saa mbili za uchambuzi wa namna hii. Baada ya majaribio machache fungu moja litaanza kujaa kuliko mengine, na hapo ndipo utajua wiki ijayo uitumie kwa kazi gani. Mwenye makosa ya msamiati anahitaji kusoma kwa wingi. Mwenye makosa ya sentensi anahitaji kuchambua aya moja kwa siku. Kuwapa wote wawili rundo lilelile la mitihani ni kuwatendea isivyo.

Dai la tano: "Kinachoangusha watu ni kasi tu."

Tupige hesabu. Karatasi ya kusoma ya IELTS ni ya saa moja. Vifungu vyake vikifika maneno 2,750, anayesoma maneno 100 kwa dakika atatumia dakika 27 na zaidi kusoma tu, na kubakiwa na sekunde kama 49 kwa kila swali. Anayesoma maneno 200 kwa dakika atatumia dakika 14, na kubakiwa na kama sekunde 69 kwa kila swali. Tofauti ni kubwa, kwa hiyo kasi ina maana, hasa kwa kuwa saa moja hiyo ya IELTS inajumuisha pia muda wa kuandika majibu.

Lakini kasi hutokana na ufahamu. Macho hukwama kwenye maneno yasiyojulikana na sentensi zisizofunguka. Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba msomaji anahitaji familia za maneno (neno pamoja na maumbo yake) 8,000 hadi 9,000 ili aelewe asilimia 98 ya maneno ya matini ya kawaida. Averil Coxhead, mwaka 2000, alikusanya familia 570 za maneno ya kitaaluma ambayo peke yake huchukua karibu asilimia 10 ya maandishi ya vyuo vikuu. Familia hizo 570 ni pa kuanzia pazuri, mradi uzikute ndani ya sentensi. Anayelazimisha macho yakimbie kabla ya kujenga akiba hiyo anaharakisha kutokuelewa. Tumia saa ya ukutani katika wiki za mwisho. Miezi ya mwanzo ni ya kuelewa.

Dai la sita: "Kiswahili kinaharibu Kiingereza chako. Kiache kabisa."

Ushauri huu unaniuma, kwa sababu unamnyang'anya mtahiniwa nyenzo aliyo nayo tayari. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar na The Merchant of Venice, wakati akiwa kiongozi wa nchi. Kazi hiyo haiwezekani bila kusoma Kiingereza kwa kina sana, na aliyeifanya aliipigania hadhi ya Kiswahili maisha yake yote. Lugha moja haikumfukuza mwenzake.

Kwenye karatasi ya C1 Advanced kuna sehemu inayotoa mzizi wa neno na kukutaka uunde umbo linalofaa. Mswahili anaijua kazi hiyo tangu utotoni: kutokana na soma anapata msomaji, usomaji, somo, kisomo, somesha, someka. Akikutana na "sustain" na kuambiwa aunde neno la kujaza nafasi, akili yake inajua kwamba lazima aulize mambo yaleyale: nafasi hii inataka nomino, kivumishi au kielezi? Je, maana ya aya inataka kukanusha? Anachokosa ni orodha ya viambishi vya Kiingereza, ambayo hujifunzwa. Vivyo hivyo anayetofautisha "ningekuja" na "ningalikuja" katika Kiswahili sanifu tayari ana mahali pa kupachika sentensi za masharti za Kiingereza.

Kuna pahala Kiswahili hakisaidii, na ni vizuri kupajua. Hatuna maneno madogo kama "a" na "the", na hatutenganishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi, hivyo macho yetu huyapita juujuu. Hapo panataka uangalizi wa makusudi.

Nina zoezi moja ninalolipenda kuliko yote, nalo limetoka papa hapa Dodoma. Mathias Mnyampala, mshairi na hakimu aliyezaliwa katika nchi ya Wagogo mwaka 1917, alichapisha mwaka 1954 kitabu kwa Kiswahili juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1995 mwanahistoria Gregory Maddox akakitoa kwa Kiingereza. Ukizipata nakala zote mbili, soma aya moja ya Mnyampala, andika kwa Kiingereza chako unavyodhani ingesemwa, kisha fungua tafsiri na ulinganishe. Utaona wapi mfasiri ametia "the" na wapi hakutia, wapi sentensi mbili fupi zimeunganishwa kuwa moja ndefu, wapi kitenzi kimegeuka nomino. Hakuna kitabu cha mazoezi kitakachokuonyesha hayo kwa ukaribu kama huo.

Na hata bila kitabu hicho, kila unapomaliza aya ngumu ya Kiingereza, ieleze kwa Kiswahili kwa sauti, katika sentensi mbili. Ukishindwa, hukuielewa, na umegundua hilo mapema kabla mtahini hajakugundulia.

Dai la saba: "Dodoma hakuna nyenzo. Nenda Dar."

Huenda ukalazimika kwenda Dar es Salaam kufanya mtihani wenyewe. Kujiandaa ni jambo jingine. Mifano ya mitihani rasmi hutolewa bure na wenye mitihani kwenye tovuti zao. Ukishaipakua mara moja, hutahitaji bando tena kuisoma. Maktaba za vyuo zipo, na Bodi ya Huduma za Maktaba inahudumia mkoa huu.

Zaidi ya hayo, makao makuu ya nchi huzalisha matini ya Kiingereza ya kiwango hasa kinachotakiwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao yake hapa Dodoma, hutoa ripoti za Kiingereza za Sensa ya 2022, ile iliyohesabu watu 61,741,120. Humo utajifunza lugha ya kulinganisha, ya kukadiria na ya kueleza mwelekeo. Hukumu nyingi za Mahakama ya Rufani zimeandikwa kwa Kiingereza, na zinasomeka bure katika mkusanyo wa TanzLII. Jaji hueleza hoja ya upande mmoja kwa haki, akaeleza ya upande wa pili, kisha akaonyesha kwa nini anaikataa mojawapo. Anayeweza kufuata hukumu ya kurasa kumi na kusema ni aya ipi inabeba maoni ya jaji na ipi inabeba maoni ya wakili, hatababaishwa na maswali yanayouliza mwandishi ana msimamo gani. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na tathmini iliyoandikwa kwa ajili hiyo ni matini ya kitaaluma iliyo wazi kwa kila mtu.

Nasisitiza matini ya nyumbani kwa sababu ya kielimu. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikumbuka na kueleza zaidi kuliko wasomaji hodari wasioujua. Ujuzi wa mada hubeba sehemu ya mzigo wa lugha. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au afisa mifugo wa Mpwapwa akianza na makala juu ya zabibu au malisho, akili yake inabaki na nafasi ya kuangalia sentensi zimejengwaje. Akishazoea miundo hiyo ndipo ahamie kwenye mada za mbali: historia ya muziki wa Ulaya, tabia za ndege wa Aktiki, ujenzi wa miji ya Asia. Ni lazima ahamie, kwa kuwa mtihani hautamwuliza juu ya Ugogo. Lakini pa kuanzia ni hapa.

Dai la nane: "Ukipata alama ndogo, ndiyo akili yako ilipoishia."

Hakuna dai lenye madhara kama hili, ingawa jibu lake ni fupi. Matokeo ya IELTS huchukuliwa kuwa halali kwa miaka miwili tu, maana wenye mtihani wenyewe wanakubali kwamba uwezo wa lugha hupanda na kushuka. Cambridge walipotoa mtihani wao wa kwanza wa umahiri wa Kiingereza mwaka 1913, watahiniwa walikuwa watatu, na wote watatu hawakufaulu. Mtihani ule ulichukua takriban saa kumi na mbili. Hakuna mwenye busara atakayesema watu wale hawakuwa na akili. Walikutana na kipimo ambacho maandalizi yao hayakukilenga.

Muuguzi anayepata 6 katika kusoma ana majibu sahihi kama 23. Anahitaji saba zaidi. Saba hizo zina majina: neno moja lililosomwa kwa maana isiyo yake, kiwakilishi kimoja kilichopelekwa kwa mwenyewe asiye wake, "although" moja iliyorukwa. Zinatafutika, na zikipatikana zinarekebishika.

Kwa hiyo kabla hujalipa ada, jipime hivi. Chukua makala ya Kiingereza ya kurasa mbili ambayo hujawahi kuiona. Isome mara moja. Kisha mweleze mwenzako kwa Kiswahili mwandishi anadai nini, anakubali nini kwa wapinzani wake, anaacha nini bila kuamua, na umwonyeshe sentensi inayothibitisha kila ulilosema. Ukiweza kufanya hivyo kwa makala tatu mfululizo za mada tofauti, lipa. Ukikwama, hifadhi fedha zako, rudi kwenye aya iliyokukwamisha, na uanzie hapo kazi ya wiki hii.